Risasi ya Mama na Machozi ya Watazamaji

MAALIM: Dai langu nalitanguliza mapema, asije mtu akasema baadaye kwamba nililificha nyuma ya maneno mazuri: filamu hodari haimwachii mtazamaji hiari ya kuhukumu, bali humshika mkono tangu taa zinapozimwa, humpitisha kwa upole katika vichochoro vingi ambavyo yeye hudhani anavipita kwa miguu yake mwenyewe, na saa ya lile onyesho kubwa inapowadia, onyesho ambalo kila mtu hurudi nalo nyumbani, humkuta amekwisha kusalimu amri zamani. Tazameni Mother India, filamu ya Mehboob Khan iliyotoka mwaka 1957. Mama anamlenga kwa bunduki mwana aliyemzaa, anafyatua, mwana anaanguka, na ukumbi mzima wa watu ambao mchana ule ule wasingalimstahi mama aliyempiga mtoto kibao mbele ya wageni, unalia pamoja naye. Nauliza: machozi yale yalikuwa yetu, ama tulikopeshwa?

MTAZAMAJI: Mimi nililia, Maalim, wala sikukopa kwa mtu. Nilikuwa nimeketi safu ya katikati katika Majestic, hapa Unguja mjini, siku ya picha ya wanawake peke yao, buibui langu nimelikunja mapajani, na juu ya buibui amelala mwanangu wa kwanza, hajatimia hata mwaka. Ikiwa machozi yale ni mkopo, basi aliyenikopesha si Mehboob Khan aliyekuwa Bombay asiyenijua kwa sura wala kwa jina, ila ni yule mtoto.

MWENDESHA MASHINE: Naomba niingie hapa, maana wenzangu mmeitazama filamu ile, nami nimewatazama walioitazama. Kazi yangu ilikuwa chumba cha juu, penye matundu mawili kwa kila mashine, moja la kupitisha mwanga na moja la kupitisha jicho langu, na mtu aliyekaa pale usiku baada ya usiku huacha kutazama pazia akazoea kutazama migongo. Mkanda mmoja ulichukua kama dakika 20. Alama ndogo ya duara ikichomoza katika kona ya juu kulia, hujiweka tayari, ikichomoza ya pili huiamsha mashine ya pili na kuilaza ya kwanza, na filamu ile inayokaribia saa tatu ilinitaka nifanye hivyo mara nyingi, kwa hiyo kila kipande nilikijua kama ajuavyo mtu ngazi za nyumba yake gizani. Risasi ile niliipiga mimi, tuseme hivyo, na niliipiga mara nyingi kuliko Nargis, aliyeigiza mama yule. Kuna usiku ukumbi ulinyamaza hata nikasikia magurudumu ya mashine yangu kana kwamba yamo kichwani mwangu. Kuna usiku vijana wa viti vya mbele walipiga miluzi na kumtolea mama maneno ambayo sitayarudia mbele ya Bi Mkubwa, kwa sababu kwao Birju, yule mwana, ndiye stelingi, na kanuni ya senema, ambayo hapana aliyeiandika na kila mtoto aliijua, ni kwamba stelingi hafi. Sasa Maalim, mkanda ni ule ule, mwanga ni ule ule, mkono unaoendesha ni huu huu. Ikiwa onyesho ndilo linalotoa amri, ilikuwaje litoe amri mbili?

MAALIM: Amri ilikuwa moja, Mzee: pandisheni jazba. Aliyelia alipandisha jazba, na aliyepiga mluzi alipandisha jazba, na baina yao hakuwapo aliyekaa kimya akapima mambo kwa mizani, akauliza kijana yule amefanya nini, mama yule ana haki gani, na hukumu ya kuua inatolewa na nani katika kijiji chenye wazee na chenye sheria. Mkulima anayepanda mpunga na mtama katika shamba moja hawezi kuambiwa kwamba hakupanda kitu, eti kwa kuwa mavuno yametoka namna mbili. Lakini tunaye hapa kijana anayeishi kwa kazi hii ya kukata na kuunga picha. Na atwambie yeye kama nimeisingizia kazi yake.

MHARIRI: Hujaisingizia, Maalim, ila umeiangalia kwa upande wa mwisho. Onyesho kubwa peke yake ni kitu dhaifu mno. Mchukue mtu asiyejua chochote, umwonyeshe mwanamke anayempiga risasi kijana aliye juu ya farasi, naye atauliza tu kama farasi ameumia. Risasi ile imepata uzito wake mbali sana, katika mambo ambayo mtazamaji hakumbuki hata kwamba aliyaona. Mama mkwe wa Radha, ndiye mama yule wa bunduki, anakopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili afanye harusi ya Radha; hajui kusoma, karatasi inasema alivyotaka mwenye kuiandika, na tangu siku hiyo robo tatu ya mavuno inakwenda kulipa faida, wala deni lenyewe halipungui. Mume anapondwa mikono na jiwe, na kwa fedheha ya kulishwa na mkewe anatoka usiku asirudi tena. Mafuriko yanachukua shamba, watoto wadogo wanakufa. Na katika yote hayo zinapita bangili za harusi za Radha, zilizowekwa rehani kwa Sukhilala, ambazo Birju tangu utoto wake hazimtoki moyoni. Anapokufa mikononi mwa mama yake, bangili zile amekwisha kuzirudisha, zina damu. Sasa mtu analia, na anadhani analilia risasi, kumbe analilia bangili. Fundi hakumnyang'anya kitu: alimwekea amana kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili na nusu, kisha akampa yote kwa mkupuo.

MAALIM: Amana ambayo mwenyewe hakujua kuwa amewekewa!

MHARIRI: Nani alalaye anajua usingizi ulimchukua saa ngapi? Lakini nitakupa mfano ulio mkali zaidi, na pengine utanigeukia, wala sijali. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho. Watu wote huizungumza kwa onyesho la bafuni, mwanamke yule anapochomwa kisu akiwa anaoga, na kweli ni kazi ya kustaajabisha: kwa sekunde 45 tu kamera iliwekwa mahali zaidi ya 70, upigaji wake ulikula muda wa juma zima, na damu inayozunguka na kushuka shimoni ni shira ya chokoleti, kwani filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe na shira ilionekana kuwa damu kuliko damu. Hitchcock mwenyewe alikusudia pasiwe na muziki kabisa, hata Bernard Herrmann alipomsikilizisha zile fidla zinazopiga yowe, ndipo akabadili shauri. Hayo yanajulikana. Ila fundi akitazama hukaa zaidi katika mambo mawili. La kwanza ni la kabla: mwanamke yule ameiba dola 40,000, nasi tumekimbia naye nusu ya njia tukimwogopea polisi, na muda mfupi kabla ya kuingia bafuni amekata shauri kurudi kuzirudisha. Anaoga akiwa ametubu. Kisu kinamkuta pale tulipokwisha kumsamehe. La pili ni la baadaye: Norman, mwenye nyumba ya wageni alikofikia mwanamke yule, anamtia maiti ndani ya gari la marehemu mwenyewe, analisukuma katika kinamasi, gari linazama, linazama, kisha linasita. Halishuki tena. Na kila mtu ukumbini, mtu mwema, baba wa watoto, anazuia pumzi, anaomba kwa moyo wake wote gari lile lizame. Limezama. Anashusha pumzi.

MAALIM: Basi umekwisha! Sina haja ya shahidi mwingine. Dakika chache nyuma mtu huyu alikuwa akimhurumia maiti, na sasa anaomba ushahidi wa mauaji uzame, wala hakuhojiwa, wala hakushawishiwa kwa hoja hata moja. Gari limesita kidogo tu, na dhamiri yake imehama nyumba. Wewe unaliita hilo ufundi. Mimi najua jina lake jingine, ila nimeketi na watu wa heshima.

MHARIRI: Litaje tu, Maalim.

MAALIM: Uganga wa macho. Kiini macho cha sokoni kina uzuri huu, kwamba mtazamaji hujua anadanganywa na hulipa senti zake kwa ajili hiyo. Huyu wenu humtoa mtu amebadilika na humwacha adhani amebadilika mwenyewe. Warusi walilijaribu hilo tangu zamani. Husimuliwa habari ya Lev Kuleshov, kwamba alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozhukhin, uso mtupu usiokuwa na furaha wala huzuni, akaiunga na sahani ya supu, kisha akaiunga na jeneza, kisha na mwanamke. Nao watazamaji wakausifu uhodari wake wa kuigiza njaa, na msiba, na mapenzi, ilhali uso ulikuwa mmoja na haukufanya chochote. Sasa niambieni, mtu anayeona msiba katika uso usio na msiba, ana hiari gani?

MTAZAMAJI: Ana hiari yote, Maalim, maana msiba huo ni wake. Uso haukuwa nao, mkanda haukuwa nao, huyo Mrusi hakuwa nao. Ulitoka wapi ila kwake aliyeketi? Wewe umeleta kisa hicho kuonyesha kwamba mtazamaji ni chombo kitupu kinachojazwa, nami nakisikia kinasema uso ndio uliokuwa mtupu, na mtazamaji ndiye aliyeujaza.

MWENDESHA MASHINE: Bi Mkubwa, hapo umempata.

MAALIM: Hajanipata bado. Kujaza kwa amri si sawa na kujaza kwa kupenda.

MTAZAMAJI: Basi na tutoke kwa Warusi na Wamarekani turudi kwetu, maana mambo ya bafuni sikuyaona na sina haja ya kuyaona. Mmekaa nyote watatu mkiliita lile la risasi onyesho kubwa, na hapana hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyelipa ukubwa huo. Mimi onyesho langu ni jingine. Mafuriko yamekwisha, nyumba imekwisha, watoto waliosalia wana njaa, na Sukhilala amekwisha kumwambia Radha bei ya chakula, bei ambayo kila mwanamke aijua bila kutajiwa. Naye anakwenda. Anakwenda mpaka nyumbani kwa yule mtu, amejaa matope mwili mzima, mpaka usoni, na mbele yake ipo sanamu ya mungu wao wa kike, naye anasimama kuitolea maneno kama mtu anayemwambia mkubwa wake wazi wazi kwamba hata wewe ungebeba mzigo huu ungeyumba. Kisha anakataa, anampiga yule mtu, anatoka na njaa yake. Siku ya wanawake, Maalim, kile ndicho kipande kilichotoa sauti. Hawakulia. Walitoa sauti ya chini, yote kwa pamoja, kama inayotoka mtu anapojifungua. Risasi ilipokuja, tulikuwa tumekwisha kujua mama yule ni nani. Lau angemwacha mwanawe apite na yule binti juu ya farasi, ndipo tungeshangaa.

MWENDESHA MASHINE: Nalikumbuka hilo. Siku za wanawake ukumbi ulikuwa na masikio mengine. Na tena bango lenyewe lililobandikwa nje lilikuwa la Radha na plau mabegani mwake, bunduki haikuwamo.

MAALIM: Mnisamehe, lakini hayo yanazidi kunitia shaka. Bi Mkubwa amelisema neno moja kupitia tu, kana kwamba ni kitu kidogo: "na yule binti." Binti gani?

MTAZAMAJI: Rupa, binti wa Sukhilala.

MAALIM: Rupa. Siku ya harusi yake baba yake anauawa mbele yake, naye anabebwa kwa nguvu, amevaa mavazi ya uharusi, juu ya farasi wa muuaji. Risasi inapigwa kwa ajili ya nani, kama si yeye? Na baada ya risasi kamera inakwenda wapi? Inakwenda kwa mama na mwana, inakaa pale, muziki wa Naushad unakaa pale, machozi yetu yanakaa pale. Rupa ameanguka wapi? Ameinuliwa na nani? Nimewauliza watu wengi walioipenda filamu ile, watu wenye akili, wenye kukumbuka nyimbo zake zote, na hapana aliyejua. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa, wala si wa Hitchcock: onyesho linaweza kututoa machozi mengi kwa ajili ya aliyeua na aliyeuawa hata tumsahau aliyedhulumiwa, ambaye ndiye sababu ya yote.

(Hapa pana maneno yaliyosemwa na watu wawili kwa wakati mmoja, nami nimeyaacha, kwa kuwa hapana aliyemsikia mwenzake. Nimeona tu kwamba Mhariri, aliyekuwa mwepesi wa majibu tangu mwanzo, alikaa akigeuza kikombe chake.)

MHARIRI: Hilo sina udhuru nalo. Ningekuwa mimi ninayeikata leo, labda ningempa Rupa sekunde tatu. Na sekunde tatu zingetosha kuivunja.

MAALIM: Kuivunja nini?

MHARIRI: Ile huzuni. Mtazamaji akiuona uso wa Rupa, ataona kwamba risasi ilikuwa haki, atafarijika, na akifarijika hatalia tena kwa ajili ya mama. Ndiyo maana pengine hakuonyeshwa. Ukimpa mtu haki na msiba katika pumzi moja, huchukua haki.

MAALIM: Mnasikia? Amekiri kwa ulimi wake. Haki imefichwa ili msiba uuzike!

MTAZAMAJI: Mimi nilimlilia Rupa.

MAALIM: Bi Mkubwa, kwa heshima zote...

MTAZAMAJI: Umewauliza watu wengi walioipenda, umesema. Uliwauliza wanawake? Waliokuwa pembeni yangu siku ile, mmoja kulia na mmoja kushoto, maneno yao ya kwanza tulipotoka mlangoni yalikuwa ya Rupa: masikini, harusi yake, na baba yake, na nani atamwoa sasa. Kamera ilikwenda kwa mama, kweli, nasi tulikwenda naye kwa macho, lakini mtu hana macho peke yake. Maalim, wewe unadhani asiyeonyeshwa amesahauliwa, nami nimeishi miaka yangu yote miongoni mwa wanawake wasioonyeshwa, wala sijamsahau hata mmoja.

MWENDESHA MASHINE: Nami niongeze la uani, si la maana sana, ila linafaa hapa. Katika wale wa viti vya mbele alikuwapo kijana mmoja aliyekuja kila usiku, na kila risasi ikilia alipiga kelele: "Mpige farasi!" Kila usiku. Mwisho ukumbi ukazoea, wakawa wanamngoja aseme ndipo wacheke, na kucheka pale, katikati ya kifo, hakukuwa kumefikiriwa na mtu yeyote kule Bombay.

MAALIM: Kijana yule ndiye mtu pekee aliyekuwa na akili timamu katika ukumbi wako. Kwa nini asimpige farasi?

MHARIRI: Kwa sababu pasingekuwa na filamu.

MAALIM: Kwa hiyo Birju amekufa kwa kuwa filamu ilihitaji afe, si kwa kuwa mama hakuwa na njia nyingine. Na sisi tumelia kana kwamba hakuna njia nyingine. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwaleta tangu mwanzo.

MTAZAMAJI: Sasa na mimi nikulete mahali. Wewe umesomesha watoto visa vya Mitume. Nabii Ibrahimu alipoambiwa amchinje mwanawe, ulipokuwa ukiwasimulia watoto, kulikuwapo aliyeuliza kwa nini asikimbie naye?

MAALIM: Kile ni kisa cha imani, Bi Mkubwa. Hakilinganishwi na senema.

MTAZAMAJI: Silinganishi. Nakueleza tulivyokaa. Sisi tulikulia kisa kile, tulikisikia kila Idi ya kuchinja, na tangu utotoni tunajua kwamba kisu kikifika shingoni kondoo hushuka. Basi bunduki ilipoinuliwa, mimi sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilingoja. Nilikuwa na hakika kwamba kitu kitashuka: atatokea mtu, farasi atakwaa, kijana atageuka amtii mama yake. Kikalia kishindo, na kondoo hakuja. Machozi yangu yalikuwa ya hapo. Huyo bwana Mehboob Khan, aliyekuwa Mwislamu kama mimi, huenda alilijua hilo na huenda hakulijua. Lakini mwanamke wa Marekani aliyeiona filamu ile ile, walipoishindanisha katika tuzo za Oscar za mwaka 1958, hakukaa akingoja kondoo. Aliona mambo mengine. Kwa hiyo ukiniuliza onyesho lilinifanya nini, nitakwambia lilinivunjia kitu nilichokwenda nacho. Kisichokuwamo hakivunjiki.

MHARIRI: Na lugha je? Maana hapakuwa na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha.

MTAZAMAJI: Tulikuwa na jirani Muhindi aliyenong'ona, na baada ya filamu mbili tatu hata yeye tulimnyamazisha. Wao husema duniya nasi twasema dunia, wao waqt nasi wakati, wao insaaf nasi insafu. Ukiketi na wimbo mmoja unapata maneno matano ya kushikia. Yaliyobaki yalikuwa usoni mwa Nargis.

MAALIM: Uso wa Nargis! Mnajua Nargis alikuwa na umri gani alipokuwa mama wa Birju? Alizaliwa tarehe 1 Juni 1929, na Sunil Dutt, huyo mwanawe, tarehe 6 Juni ya mwaka ule ule. Mama alimtangulia mwana kwa siku tano, na mwaka mmoja baada ya filamu kutoka walioana. Ule uzee ulikuwa wa rangi na chokaa ya nywele.

MTAZAMAJI: Habari hiyo ilifika mapema sana, Maalim, tena pamoja na kisa cha moto: walipokuwa wakipiga picha moto ulimzunguka Nargis, na aliyeingia kumtoa ni huyo huyo Sunil Dutt. Tuliijua, tukaizungumza barazani mwezi mzima, kisha tukaenda kuiona tena filamu na tukalia tena. Aliyedanganywa hulia mara moja. Wa mara ya pili mwiteje?

MAALIM: Mzoefu.

MWENDESHA MASHINE: Nicheke au ninyamaze?

MAALIM: Cheka, Mzee, lakini swali langu lingali pale pale. Mehboob Khan aliitengeneza hadithi hii mara mbili. Mwaka 1940 aliitoa kwa jina la Aurat, maana yake mwanamke, na Kanhaiyalal akawa Sukhilala. Baada ya miaka 17 akairudia kwa rangi na kwa fahari, Kanhaiyalal akiwa Sukhilala tena, na safari hii jina halikuwa la mwanamke tena, lilikuwa la nchi. Pale mwanzo mama ni mzee, anaombwa na wakubwa wa kijiji afungue mfereji mpya wa maji, anavishwa koja la maua, harufu ya maua inamrudisha katika harusi yake, na hadithi yote inatoka humo. Kwa hiyo risasi ile imewekwa baina ya koja na mfereji. Imefungwa kama zawadi. Ametakiwa kila Mhindi, na kila aliyekuwa akingoja uhuru wake popote, na sisi tulikuwa miongoni mwao, akubali moyoni kwamba taifa hujengwa na mama anayeweza kumtoa mwanawe mhalifu kwa ajili ya heshima ya kijiji. Hilo ni neno zito la siasa. Lingesemwa jukwaani, watu wangelijadili. Limesemwa kwa machozi, nani atalijadili?

MHARIRI: Sisi. Tangu saa ngapi tumeketi hapa?

MAALIM: Miaka mingi baadaye, na sisi wanne tu.

MWENDESHA MASHINE: Sasa nitasema jambo ambalo nimelihifadhi, kwa kuwa litamwuma Maalim na litamwuma huyu kijana pia. Hayo ya kufungwa kama zawadi, koja huku na mfereji huku, ni kweli kwa mtu aliyeketi mpaka mwisho. Lakini wangapi waliketi? Risasi ikishalia na kijana akishafumba macho, watu wangu waliinuka. Milango ilifunguliwa, wa baiskeli walikimbilia baiskeli zao, wa viti vya mbele walikuwa wamekwisha kufika barabarani wanaigiza kuanguka kutoka juu ya farasi. Mimi nilibaki naendesha dakika za mwisho kwa ajili ya viti: mama mzee amerudi, mlango wa mfereji unafunguliwa, maji mekundu yanaingia mashambani. Lile neno zito la siasa, Maalim, katika ukumbi wangu lililihutubia vumbi.

MAALIM: Basi ni vibaya zaidi! Walichukua risasi wakayaacha maji. Yale maji mekundu ndiyo hukumu ya filamu nzima: ni damu ya Birju, inayoingia katika ardhi, na mtengenezaji anakiri pale kwamba mavuno ya taifa yamenyweshwa damu ya mtoto. Palikuwa na nafasi moja tu ya mtazamaji kutulia na kupima, nayo ilikuwa pale, naye yuko nje anatafuta baiskeli.

MHARIRI: Na hilo linanifundisha mimi kwamba ukilifanya onyesho lako likawa kubwa mno, unawapa watu ruhusa ya kuondoka.

MTAZAMAJI: Mimi sikuondoka.

MAALIM: Uliyaona maji?

MTAZAMAJI: Mtoto alikuwa amelala, mguu wangu umekufa ganzi, nikasema na wapungue kwanza mlangoni. Niliyaona mpaka mwisho, mpaka pazia likawa jeupe.

MAALIM: Basi wewe peke yako ndiwe shahidi. Uliiona ile damu.

MTAZAMAJI: Damu sikuiona, Maalim. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na nyumbani kwetu masika yakianza, maji ya kwanza yanayoshuka vilimani kuingia katika mabonde ya mpunga huwa mekundu hivyo hivyo, kwa udongo. Mama yangu alikuwa akitoka nje kuyatazama, akishayaona yamekuja na rangi ile, anarudi ndani kuteremsha kikapu cha mbegu.

MAALIM: Lakini Bi Mkubwa, ile ni damu. Imekusudiwa iwe damu. Kila aliyeandika juu ya filamu ile amesema ni damu.

MTAZAMAJI: Huenda walioandika hawakulima.

MWENDESHA MASHINE: Mimi kwa tundu langu niliona wekundu tu, na nikadhani taa ya mashine imeanza kuchoka.